Mikisa imekufa kabla ya mwezi, na aliyeniuzia ni shemeji yangu

Mama, shikamoo.

Mimi ni mke na mama wa watoto watatu, naishi Kisauni, Mombasa. Kazi yangu ni mapishi. Alfajiri natoa mahamri kwa vibanda vya chai vya hapa mtaani na kantini ya shule, na mwisho wa wiki naoka keki na mikate ya mayai kwa wanaoagiza. Unga wa mahamri ni kilo tano kila siku, na miaka yote nimeukanda kwa mikono yangu. Mwaka huu viungo vimeanza kunikataa. Kuna asubuhi vidole havikunji hata kushika kikombe. Kwa hivyo zamu yangu ya chama ilipofika, niliamua pesa ile haiendi kwenye mapazia wala vyombo vya kabati. Nitanunua mashine ya kukandia.

Mume wangu ana binamu yake mwenye duka la vyombo vya stima mjini. Nikaona heri faida ibaki kwenye ukoo. Shemeji akanitolea mikisa nyekundu, nzuri kwa macho, boksi limeandikwa wati 1,500, bakuli lita 7, na picha ya donge kubwa la mkate. Nilimwambia waziwazi kwamba kazi yangu ni mahamri, na mahamri ni unga mgumu. Akanijibu, "Hii shemeji, hata simenti inakanda." Nikamlipa shilingi 16,500 kwa M-Pesa.

Tangu siku ya kwanza kichwa kilikuwa kinaruka. Nikitia unga wa kilo mbili, mashine inatembea juu ya meza mpaka mtoto aishike. Usiku ule ule nilimtumia shemeji video kwa WhatsApp, akasema ni mpya, itatulia. Haikutulia. Haujaisha mwezi, alfajiri moja ikaanza kunuka kama waya ulioungua, moshi kidogo ukatoka kwa nyuma, na sasa mota inalia lakini ndoano haizunguki.

Nilipoirudisha dukani, shemeji alisema nimeizidishia mzigo. Akanionyesha na maneno yaliyo chini ya risiti: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Waranti ya mwaka mmoja iliyoandikwa kwenye boksi, anasema, haihusu mashine iliyoungua. Nitafute fundi nimlipe mwenyewe, naye atanisaidia vipuri kwa bei ya kununulia. Maelekezo yaliyokuwa ndani ya boksi ni karatasi moja yenye picha za kufunga vipande. Hakuna mahali palipoandikwa unga wa kilo ngapi.

Mume wangu anataka niyaache, nisimvunjie nduguye heshima kwa ajili ya mashine. Kaka yangu, ambaye hutengeneza redio, anataka kuifungua. Dada yangu aliyeko Dubai asema atanitumia nyingine, lakini kanirushia picha za mashine nyingi, kila moja na namba zake, na sijui nitazame nini. Kusema kweli pia naona haya. Kudai pesa kwa shemeji ni jambo ambalo kwetu halijazoeleka. Nifanyeje?

Mpika mahamri, Kisauni

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kazi na kwa hasara.

Kwanza usiichomeke tena. Mashine iliyotoa moshi haijaribiwi "tuone kama imepoa". Ichomoe, ifute unga, iweke ndani ya boksi lake na vipande vyote. Mwambie kaka yako ahsante, lakini asiguse skrubu hata moja. Najua anataka kukusaidia, na huenda kweli akaona kilichokatika ndani ya dakika kumi. Lakini siku mashine itakapofunguliwa na mtu mwingine, muuzaji atapata jibu ambalo leo hana: "Mmeichokonoa wenyewe." Kwa sasa silaha yako kubwa ni kwamba mashine iko vile vile ilivyotoka dukani.

Sasa tuyatazame maradhi yake, maana umeyaeleza vizuri na yanasema mengi. Mota ikilia na ndoano isizunguke, ujue nguvu inazalishwa lakini haifiki. Kati ya mota na ndoano kuna gia, na katika mashine nyingi za bei nafuu kuna mkanda wa mpira pia. Gia zikiwa za plastiki, meno yake huliwa na unga mgumu, na mkanda nao huteleza, hupata moto na kukatika. Hilo laweza kuwa limetokana na mzigo, kama asemavyo shemeji. Siwezi kukuambia haiwezekani.

Lakini kichwa kuruka tangu siku ya kwanza ni shauri jingine. Kichwa kinachoinuka hushikwa na bawaba nyuma na kufuli ndogo pembeni. Ukishakifunga, kikitulia wakati wa kukanda ndivyo inavyotakiwa, na kikitikisika kidogo si ajabu. Kikiruka na mashine ikatembea mezani, basi huenda bawaba ina nafasi au kufuli haishiki, na pengine mashine yenyewe ni nyepesi kwa kazi iliyotangaziwa. Hicho chaelekea kuwa kilema cha kiwandani, na ulikilalamikia usiku wa kwanza, kwa video, kabla moshi haujaonekana. Ihifadhi video hiyo na jibu lake la "itatulia" mahali pawili. Mali bila daftari hupotea bila habari, na siku hizi daftari letu ni simu.

Halafu igeuze mashine chini. Utakuta kibandiko au bamba dogo la fedha lenye maandishi madogo: volti, hezi (mara ngapi stima hupigapiga kwa sekunde), wati. Mara nyingi pembeni utaona herufi KB na dakika, kwa mfano KB 5 min au KB 10 min. Hizo ni dakika ambazo mashine inaruhusiwa kufanya kazi mfululizo kabla ya kuzimwa ipoe. Donge la mahamri au mkate linahitaji kama dakika nane hadi kumi za mwendo wa polepole ili lilainike. Mashine ya dakika tano haiwezi kulikanda bila kupumzishwa katikati, hata boksi liwe na picha ya mkate mkubwa kiasi gani. Lipige picha bamba hilo, lisomeke.

Nitakuambia na upande wa shemeji, maana ukienda ukijua hoja yako peke yake utarudi umenyamazishwa. Unga wa kilo mbili kwa lita moja ya tui, na sukari juu yake, ni donge la kilo tatu na zaidi, na mahamri ni mgumu kuliko mkate. Kwa mikisa ya nyumbani huo ni mzigo mkubwa. Angekuwa amekupa kitabu kilichoandikwa "unga usizidi kilo moja", nawe ukatia mbili, kwenye suala la gia ningekuambia hoja yako ni dhaifu, udai kwa ajili ya kichwa tu. Lakini hakukupa. Alikupa karatasi ya picha, boksi la lita 7 lenye donge la mkate, na maneno ya mdomo kwamba inakanda hata simenti. Mnunuzi asiyeambiwa kipimo halaumiwi kwa kukivuka.

Na hapa sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa maelezo ya kumwezesha kufaidi bidhaa hiyo, na haki ya fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, na akategemea ujuzi wake, bidhaa lazima iifae kazi hiyo. Wewe ulimtajia mahamri kabla hujalipa. Nayo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamchukulia muuzaji kuwa ameahidi ubora unaostahili, na sharti linalojaribu kuifuta ahadi hiyo ni batili. Maneno ya chini ya risiti yanaweza kumzuia mtu aliyebadili mawazo kuhusu rangi. Mashine mbovu hayaihusu.

Jambo moja uliharakishe. Anayekaa na bidhaa muda mrefu bila kusema ameikataa huhesabiwa ameikubali, na hapo haki ya kuirudisha inaweza kumponyoka. Wewe umelalamika kwa mdomo. Sasa lalamika kwa maandishi, wiki hii.

Najua hapa ndipo pagumu: shemeji, haya, na mumeo aliyesimama katikati.

Mwanangu, hofu ya mumeo siidharau. Anajua kwamba harusi na matanga yote mtakutana na huyo binamu, na maneno ya dukani husafiri haraka hadi kwa mama mkwe. Lakini hebu mwulize kwa upole: pesa ile ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya chama, imewekwa kidogo kidogo na wanawake waliokuamini, na imekusudiwa kuviondolea vidole vyako mateso. Ukinyamaza, hasara yote inabebwa na mkono unaouma. Shemeji ana duka, ana aliyemuuzia kwa jumla, na ana njia ya kumrudishia mashine mbovu. Wewe huna wa kumrudishia isipokuwa yeye.

Tena kuna kumheshimu ndugu kwa kumwendea mwenyewe moja kwa moja, dukani kwake, saa ya kazi, bila hadhira. Kumvunjia heshima kungekuwa kulisema sebuleni kwa mama mkwe au kulitupa kwenye grupu la familia. Hayo usiyafanye. Nenda na mumeo kama anakubali, asimame kando yako, lakini uzungumze wewe kwa sababu mnunuzi ni wewe. Msalimie, muulize watoto, kisha useme lako. Usipaze sauti, na usiombe msamaha kwa kudai.

Kabla hujaenda, mtumie ujumbe huu, ubadilishe panapohitajika:

"Shemeji, salaam. Ile mikisa niliyonunua kwako kwa shilingi 16,500, ujumbe wa M-Pesa huu hapa, haifanyi kazi. Kichwa kilikuwa kinaruka tangu siku ya kwanza na nilikutumia video usiku ule. Sasa imetoa moshi, mota inalia na ndoano haizunguki. Nilikueleza kabla ya kulipa kwamba ni ya kukandia mahamri, na sikupewa maelezo yoyote ya kiasi cha unga. Siikubali ikiwa na kasoro hii. Naomba unibadilishie au unirudishie pesa ndani ya siku 14. Haijafunguliwa na mtu. Nitaileta dukani Jumatatu asubuhi."

Jumatatu akikuambia aitazame kwanza, mwachie, lakini akuandikie kwamba ameipokea, tarehe, na vipande vilivyomo. Hata kwenye kikaratasi, mradi atie sahihi. Akikupa kubadilishiwa na mashine ya aina ile ile, mimi ningekataa, maana bawaba ni ile ile na gia ni zile zile. Mwombe ya aina nyingine uongeze tofauti, au pesa. Akitaka kuitengeneza, basi iwe kwa gharama yake na kwa tarehe mliyokubaliana, na ikirudi ikaruka tena, pesa. Nusu ya pesa? Hilo ni lako kupima. Lau muuzaji angekuwa mtu baki ningekuambia usikubali. Kwa shemeji, kuna kiasi ambacho mtu hupunguza kwa ajili ya amani ya nyumba, mradi upunguze wewe kwa hiari yako, usipunguziwe kwa kutishwa.

Siku 14 zikipita kimya, mtafuteni mzee mmoja wa upande wa mumeo anayeijua biashara, msikizwe nyote wawili na ushahidi mezani. Naye akishindwa, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya bidhaa zilizouzwa, unaweza kujisimamia bila wakili, na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60. Sikutumi huko kesho. Nakueleza kwa sababu anayejua mlango upo huzungumza kwa utulivu zaidi, na shemeji naye atausikia utulivu huo.

Kitu kimoja nakuomba usifanye hata ukishauriwa na watu: usiseme mashine ulikuwa unapikia nyumbani tu. Waranti nyingi za mikisa za nyumbani husema wazi kwamba hazihusu matumizi ya biashara, na wapo watakaokuambia ufiche. Shemeji anajua kazi yako, ulimwambia mwenyewe, na hoja yako yote imesimama juu ya ukweli huo. Uitetee hivyo hivyo.

Twende Dubai kwa dada yako, na hizo namba zilizokuchanganya.

Wati zisikutishe. Namba ile inaeleza mashine inavuta stima kiasi gani, na watengenezaji wengine huandika kile kilele inachofikia inapokaribia kukwama. Haisemi nguvu inayofika kwenye ndoano ni kiasi gani. Gari lililokwama matopeni nalo hunywa mafuta mengi. KitchenAid Artisan ya lita 4.8 inayouzwa Ulaya imeandikwa wati 300 tu, na watu wanakandia mkate kwa miaka, kwa sababu gia zake ni za chuma na nguvu kidogo ile haipotei njiani. Kwa hivyo ukiona wati 1,500 kwa bei ya chini, usione nguvu. Uliza gia ni za nini.

Bakuli nalo hupimwa likijaa hadi ukingoni, na donge halijai hadi ukingoni. Kipimo unachokitaka ni kilo za unga, tena za unga mgumu, kama kilivyoandikwa ndani ya kitabu cha maelekezo. Makampuni ya maana huandika kipimo hicho, na vitabu vyao vingi vinapatikana bure kwenye intaneti kabla hujanunua. Kama kitabu hakitaji kilo, mashine hiyo iache. Kikitaja kilo moja na nusu za unga wa mkate, wewe kwa mahamri hesabu kilo moja, kwa sababu nusu lita ya tui kwa kilo ya unga ni kavu kuliko unga wa mkate, na ukavu ndio unaoumiza gia.

Kuna aina mbili za umbo. Moja kichwa huinuka, kama hiyo yako. Ya pili kichwa hakifunguki, bali bakuli hupandishwa kwa mkono wa chuma ulio pembeni. Kwa keki na mayai ya kupiga, ya kichwa kinachoinuka ni raha: unaona ndani, unakwangua bakuli upesi, unabadilisha mchapo bila shida. Kwa anayekanda kila alfajiri mimi napendelea ya bakuli linalopanda, maana hakuna bawaba ya kulegea. Majina ya zamani katika kazi hii, KitchenAid iliyotoa mashine yake ya kwanza ya nyumbani mwaka 1919 na Kenwood iliyotoa Chef mwaka 1950, hayana uchawi. Ninachowasifia ni kwamba vipuri vyao hupatikana, na mtu akiwa Mombasa anaweza kuagiza gia moja akabadilishiwa na fundi badala ya kuitupa mashine nzima. Mashine isiyo na kipuri ni ghali hata ikiuzwa nusu bei.

Dada yako akifika dukani, asiridhike na kuizungusha ikiwa tupu; mashine tupu zote ni nzuri. Aifunge kufuli, ashike kichwa kwa mikono miwili na kukitikisa juu na chini. Kikicheza, aiache. Atie ndoano na kuizungusha kwa vidole taratibu mduara mzima, akitazama ukingo wa bakuli: ndoano isiguse popote, wala isipite mbali upande mmoja na karibu upande mwingine. Aiinue mashine. Iliyo nzito itamsumbua kuisafirisha, lakini uzito huo ndio utakaokuepusha na mtoto wa kuishikilia. Pale ndoano inapochomekwa aangalie kama kuna mafuta yanayochuruzika, maana yakitoka huko yanaingia kwenye unga.

Stima ya Dubai inalingana na yetu, volti 220 hadi 240, hezi 50, na plagi ni ile ile ya pini tatu bapa, kwa hivyo upande huo hakuna tabu. Ingekuwa jamaa wa Marekani anakutumia ningekuambia kataa: kule ni volti 120 na hezi 60, na transfoma itashusha volti tu, haitabadili hezi. Tatizo la Dubai ni waranti. Mara nyingi haivuki mpaka wa nchi iliponunuliwa, kwa hivyo aulize kama kampuni hiyo ina wakala Kenya anayeitambua, na risiti iandikwe jina lako. Wakijibu hapana, linganisha tena na bei za Mombasa na Nairobi, pengine tofauti si kubwa kiasi hicho.

Kisha nikuambie jambo ambalo hukuuliza. Kilo tano kwa siku, kila siku, ni kazi ya kibiashara. Mikisa nzuri ya nyumbani itakufanyia, lakini kwa kilo moja moja, mwendo wa kwanza au wa pili tu, na mapumziko katikati. Maagizo yakifika kilo kumi, anza kuweka akiba ya mashine ya mkate, ile ambayo bakuli lenyewe linazunguka na ndoano yake ni kama skrubu kubwa. Hiyo imetengenezwa kwa unga mgumu tu. Keki haiwezi, kwa hivyo ndogo ya nyumbani utabaki nayo.

Na kuanzia kesho, mashine haipo na wateja wapo. Changanya unga, sukari, hiliki, hamira na tui mpaka usione unga mkavu, basi. Usikande. Funika bakuli kwa kitambaa kibichi, uache dakika 20 hadi 30. Kabla ya kuuacha, ukiuvuta unga utakatika kama mkate mbovu, na uso wake una mabonge. Ukirudi, uvute tena: utanyooka bila kukatika, na mkono utauhisi umelainika ingawa hakuna aliyeukanda. Unga ukishalowa hujifunga wenyewe taratibu. Hapo unaukunja na kuusukuma dakika chache tu, na kazi iliyokuwa inakumaliza vidole imepungua sana. Joto letu la Pwani huharakisha hamira, kwa hivyo tui lisiwe la moto, na hamira ipunguze kidogo. Fanya hivyo hivyo hata ukipata mashine mpya. Gia zitakaa zaidi.

Vidole visivyokunja asubuhi usivitibu kwa mafuta ya kuchua peke yake. Nenda hospitali wavitazame, hasa kama vinavimba au ganzi inakuamsha usiku.

Mashine yoyote utakayoipata, ya shemeji au ya dada, siku ile ile ya kwanza ikande donge lako halisi la mahamri, kilo moja, ukichukua video kuanzia unga unapoingia. Ichomeke ukutani moja kwa moja, si kwenye ekstensheni nyembamba. Ukimaliza weka kiganja juu ya kichwa chake: uvuguvugu ni kawaida, na harufu hafifu ya mota mpya huisha baada ya siku chache. Ukishindwa kuacha kiganja hapo, au ikinuka waya, izime, uandike ujumbe jioni hiyo hiyo kabla hujalala. Boksi na mifuko yake usivitupe mpaka waranti iishe. Naye dada yako mwambie asilipe kabla hajakutumia picha ya lile bamba la chini na ukurasa wa kitabu unaotaja kilo za unga.